Sura ya Sita: Vichupa Visivyoungua

Binti wa marehemu alikiri kabla hajaulizwa swali. Aliketi mbele ya meza ya Inspekta, akaweka mkoba mapajani, akasema:

"Andika kwamba nimemwua mama yangu."

Inspekta aliandika Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kisha akaiweka kalamu chini.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo hauui, dada. Nieleze ulichofanya."

Binti alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, umri miaka thelathini na mmoja. Siku za Jumapili alikuwa mhudumu kanisani. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima. Jumapili ya wiki iliyopita Mchungaji alimwita mama yake mbele, akamwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba kisukari cha miaka kumi na tisa kimekwisha. Kanisani kwao aliyeponywa hutumbukiza dawa zake katika kapu la ushuhuda, watu wote wakishuhudia, na ibada ikiisha kapu hupelekwa kuchomwa. Mama alitumbukiza vichupa viwili vya insulini. Aliyeshika kapu alikuwa binti mwenyewe.

"Vilikuwa vimetumika?"

"Kimoja. Cha pili kilikuwa bado na kofia yake ya plastiki, ya rangi ya chungwa. Nakumbuka kwa sababu kiligonga mkono wa kapu kikalia."

"Endelea."

"Jumatatu alilala kutwa. Jumanne akaniambia, mwanangu, mwili haujaacha ugonjwa, nataka dawa yangu. Nikamwambia..."

"Maneno yenyewe."

"Nikamwambia, mama, watu mia nne wamekuona ukishuhudia. Unataka kumfanya Mungu mwongo? Kisha nikaificha kadi yake ya kliniki chini ya cherehani. Akaenda bila kadi, wakamrudisha. Jumatano asubuhi akaja polisi. Hapa hapa kwenu. Akaambiwa arudi kanisani wayamalize. Ijumaa alfajiri akafa."

Inspekta aliandika yote bila kuinua kichwa. Kwenye "hapa hapa kwenu" kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

Mkuu wa kituo aliisoma taarifa hiyo akiwa amesimama.

"Umemaliza kazi," alisema. "Mtu amekuja kwa miguu yake, amekiri, ametia sahihi. Daktari anasema alikufa kwa kukosa insulini. Uzembe uliosababisha kifo. Saa kumi jalada liwe kwa mwendesha mashtaka."

"Naomba mpaka hiyo saa kumi, mkuu."

"Unatafuta nini?"

"Vichupa."

"Si vimechomwa?"

"Nani amesema?"

Mkuu alirudi kwenye karatasi, akatafuta, hakuona. "Kila mtu," alisema.

"Kila mtu si shahidi, mkuu."

"Sawa. Lakini na Mchungaji uende naye polepole. Yule ana watu, na kumwombea mgonjwa si kosa."

Kabla ya kutoka, Inspekta alifungua kitabu cha matukio kaunta. Jumatano iliyopita, ingizo namba kumi na saba: *Mama mmoja amefika kuomba barua ya upotevu wa dawa. Anasema zilichukuliwa kanisani. Ameshauriwa arudi huko wayamalize.* Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Siku ile askari wa kaunta alikwenda mazishini, naye akamshikia zamu kwa saa mbili. Alitoa nakala ya ukurasa huo, akaiweka nyuma kabisa ya jalada.

*

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifungua daftari pale pale palipotakiwa, bila kupekua.

"Namba mia moja na kumi na nane," alisema. "Vichupa viwili, tarehe mbili. Sahihi yake hii hapa. Jumanne alikuja saa nne, hana kadi, hana vichupa. Nikamwambia alete barua ya polisi."

"Kwa nini barua?"

"Ndiyo sheria yetu. Dawa ya mwezi haitolewi mara mbili bila barua ya upotevu. Zamani watu walichukua hapa wakauza nje."

"Alikuambia dawa zimekwenda wapi?"

"Alisema zimepotea. Alikuwa anaona haya, afande. Mtu aliyeona haya unamjua, anaongea na meza."

"Ulikuwa na uwezo wa kumchoma sindano moja hapo hapo, akasubiri barua akiwa hai?"

Muuguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikuwa nao."

"Na hukufanya."

"Foleni ilikuwa imefika langoni." Kisha akaongeza, "Usiiandike hiyo kama sababu. Iandike kama ilivyokuwa."

Inspekta aliiandika kama ilivyokuwa.

"Nikikiona kichupa, nitajuaje kwamba ni chake?"

"Wagonjwa wetu wengi hawana friji. Watu kumi wanahifadhi kwa jirani mmoja. Ili wasichanganye nabandika plasta yenye namba. Ila plasta ikilowa inatoka, kwa hiyo naandika na chini ya chupa, kwa wino usiofutika. Watu hawaangalii chini ya chupa."

"Swali la mwisho. Mtu kama yeye akikosa dawa, dalili ya kwanza ni ipi?"

"Kiu. Mtu wa sukari akianza kuomba maji, glasi juu ya glasi, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Hata ambaye hakusomea udaktari anaweza kuona."

Inspekta aliacha kuandika.

"Hata ambaye hakusomea," alirudia. Akaandika.

*

Nyuma ya kanisa kulikuwa na pipa la mafuta lililokatwa nusu, jeusi mpaka ukingoni. Mtunza jengo alikuwa mzee mwembamba ambaye waumini walimwita Kiberiti, na jina lilimkaa kama kofia.

"Mama afande, karibu jehanamu ndogo," alisema. "Hapa nimechoma vidonge, nimechoma hirizi, nimechoma magongo ya vilema. Kiti cha magurudumu ndicho kilichonishinda. Kile nilikipaka rangi, nakalia mimi."

"Jivu ulilimwaga lini mara ya mwisho?"

"Mwezi juzi. Mgongo huu, mama, haujaponywa."

Inspekta aliomba chekeche la mchanga. Walichekecha jivu tabaka kwa tabaka juu ya gunia, kazi ya dakika arobaini. Zilitoka karatasi za bati za vidonge, fremu ya miwani, chupa mbili za dawa ya kikohozi zilizopasuka kwa joto, na kufuli.

"Kufuli la nini?"

"La mtu aliyefungwa kizazi. Usicheke."

"Sijacheka. Kioo hakiungui, mzee, kinapasuka tu. Kichupa cha insulini kina pete ya bati shingoni, nayo haiungui. Mimi sioni pete hata moja."

Kiberiti alichungulia gunia. Alipoinama, mfuko wa shati lake ulitoa mlio wa vidonge ndani ya kopo.

"Hivyo ni nini?"

Uso ulimshuka. Inspekta alinyoosha mkono, mzee akatoa kopo. Lilikuwa na vidonge vyeupe, jina lake mwenyewe, tarehe ya mwezi huu.

"Vya presha," alisema. "Vyangu halali. Sikutoa kapuni, naapa."

"Wewe hukushuhudia kwamba umepona presha?"

"Mwaka jana. Nilishuhudia kwa sauti mpaka kipaza sauti kikalia." Alirudisha kopo mfukoni na kulifunika kwa kiganja. "Mungu aliniponya, afande. Vidonge vinaulinda uponyaji usitoroke. Tafadhali, Baba Mchungaji asijue."

"Nani mwingine humu anaulinda uponyaji?"

"Kila mtu anajijua mwenyewe. Chumvi ya jirani huionji."

"Jumapili ile ulipokea kapu kutoka kwa nani? Kwa binti?"

"Hapana. Kapu halitoki madhabahuni likaja pipani. Linapita kwanza ofisini kwa Baba, analiombea. Anafunga mlango, dakika kumi hivi, ndipo naitwa."

"Kila kapu?"

"Kila kapu. Baba ni mtu wa dakika kumi. Hata chakula hagusi mpaka aingie ofisini, afunge, aombe dakika kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Sisi tunakiombea chakula kwa pumzi moja, mkono uko tayari kwenye kijiko. Ndiyo maana hatuponyi hata kuku."

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa sita na robo. Aliuliza chakula cha mchana huingia saa ngapi.

"Sita na nusu," alisema Kiberiti. "Hakikosei."

*

Ofisi ya Mchungaji ilikuwa na meza pana, viti vitatu, rafu ya vitabu na, kwenye kona, friji ndogo ya kufungwa kwa ufunguo. Mama Mchungaji aliingia na sahani iliyofunikwa, akaiweka mezani, akaanza kutoka kwa hatua za kunyata.

"Usitoke, mama," alisema Inspekta. "Kaa."

Mchungaji alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya upole ambayo haikuhitaji kupandishwa. "Nitajibu kila swali, afande. Nimemlilia yule mama kama mzazi wangu. Nipe tu dakika kumi. Mimi sili bila kuomba."

"Omba. Mimi nitafumba macho."

"Ni maombi ya faragha."

"Basi chakula kitapoa. Hii ni hati ya upekuzi. Naomba ufunguo wa friji."

"Humo ni maji ya upako tu," alisema Mama Mchungaji haraka. "Hata mimi siifungui. Yanatakiwa yaguswe na mtumishi peke yake."

Mchungaji alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akauweka juu ya meza, akauachia kwa kuchelewa.

Rafu ya juu ilikuwa na chupa kumi na mbili za maji. Nyuma yake palikuwa na kopo la biskuti. Ndani ya kopo, juu ya kitambaa safi, palikuwa na mabomba ya sindano na vichupa viwili vya insulini. Havikuwa na plasta, ila gundi ya plasta ilikuwa bado inanata. Wala hapakuwa na kofia ya rangi ya chungwa: vyote viwili vilikuwa vimefunguliwa.

Mama Mchungaji alisimama. "Baba, hivi ni nini?"

"Nilivitoa kwenye kapu," alisema Mchungaji. "Kioo hupasuka motoni. Mzee wa watu angeweza kuumia."

"Ukaviweka kwenye baridi," alisema Inspekta.

"Ndipo palipokuwa na nafasi."

Inspekta alivaa glavu, akainua kichupa cha kwanza, akakipindua. Kisha cha pili. Alimsogezea Mchungaji avione chini, ambako palikuwa na tarakimu tatu kwa wino mweusi.

"Mia moja na kumi na nane, na mia moja na kumi na nane. Hiki cha pili kilikuwa hakijaguswa Jumapili ile. Aliyeshika kapu anaikumbuka kofia yake. Sasa kimepungua robo. Nani amekitumia?"

Mchungaji alitazama sahani iliyofunikwa.

"Nyoosha mikono, tafadhali. Viganja juu."

Alinyoosha. Kwenye ncha za vidole vya kati na vya pete palikuwa na vitundu vidogo vya kupimia sukari, vingine vikavu, viwili vya leo.

"Tangu lini?" Aliyeuliza alikuwa mkewe.

"Miaka sita."

"Miaka sita nimesimama nje ya mlango huu," alisema Mama Mchungaji, "nikiwaambia watu wanyamaze, Baba anaomba."

"Nilikuwa naomba pia."

"Mchome kwanza, afande," mama alisema bila kumtazama mumewe. "Saa yake imefika. Asije akafa naye kabla hajasema."

Inspekta alikataa vichupa vya kopo kuguswa tena. Sasa vilikuwa vielelezo. Aliagiza gari, na kliniki ikamtuma muuguzi yule yule na dawa kutoka akiba. Muuguzi alimchoma Mchungaji sindano bila kumsalimia. Kazi hiyo ilichukua dakika mbili. Ndipo Mchungaji alipoanza kusema, na Inspekta akaandika.

Mwanzoni alikuwa akisafiri mpaka mji mwingine, kwenye duka la dawa ambako hakujulikana. Baadaye uso wake ukawa kwenye mabango, na kila duka likawa na muumini. Kisha kapu likaanza kuleta.

"Sikumwita mtu mbele kwa ajili ya dawa yake," alisema. "Hilo liandike. Nilipowawekea mkono niliamini. Kwa wengine niliona kwa macho yangu wakisimama. Mimi tu ndiye sikupona. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia hivyo hivyo. Tuje Jumatano."

"Alikuja saa nane mchana. Alisimama hapo ulipo. Akasema, Baba, imani sijaipoteza, nimechoka tu, naomba dawa yangu. Nikamwambia zimechomwa."

"Wakati huo zilikuwa wapi?"

"Unajua."

"Sema."

"Kwenye friji."

Inspekta alitoa futi ya utepe mfukoni, akapima kutoka alipokuwa amesimama mpaka mlango wa friji. "Mita mbili na sentimita kumi," alisema, akaandika. "Kwa nini hukumpa?"

"Angeuliza kwa nini ninazo. Nilifikiri kliniki watampa nyingine."

"Hakukuambia kwamba kliniki wamekataa?"

Mama Mchungaji alikuwa amegeukia rafu ya vitabu.

"Aliniambia," alisema Mchungaji. "Na polisi pia. Alisema afande mmoja wa kike alimwambia kanisa ni familia, na mambo ya familia hayana barua."

"Rudia, nipate maneno yenyewe."

"'Kanisa ni familia, na mambo ya familia hayana barua.'"

Inspekta aliyaandika ndani ya alama za kunukuu. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe Jumatano ile, hakuna neno lililoongezwa.

Mchungaji alimtazama kwa mara ya kwanza bila upole. "Na huyo naye atahojiwa?"

"Leo," alisema Inspekta. "Tia sahihi hapa."

*

Saa tisa na nusu jalada lilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kituo. Alisoma taarifa ya binti, ya muuguzi, ya Kiberiti, ya Mchungaji. Alitikisa kichwa kwa kuridhika mpaka alipofika ya tano, ya Inspekta mwenyewe, kurasa mbili za mwandiko, pamoja na nakala ya kitabu cha matukio.

"Hii itoe."

"Haitoki, mkuu. Naomba afisa mwingine anihoji na achukue jalada kuanzia sasa. Tangu asubuhi nilipaswa kuliachia, na hilo nimeliandika."

"Unajua itakugharimu nini? Una miaka kumi na sita kazini. Mchungaji tunaye, vichupa tunavyo. Hii karatasi inamsaidia nani? Wakili wake tu!"

"Huenda ikamsaidia. Lakini mama yule alipita milango minne, mkuu. Wa kwanza binti yake, wa pili kliniki, wa tatu mimi, wa nne Mchungaji. Kila mmoja alimsogeza kwa mwenzake. Ukiitoa hiyo karatasi, utakuwa wa tano."

Mkuu aliirudisha jaladani, akalifunga kwa kamba, akafunga fundo mara mbili.

Binti alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani. Inspekta alikaa kando yake.

"Nimependekeza Mchungaji ashtakiwe kwa kusababisha kifo. Dawa alikuwa nayo, aliombwa, akasema imechomwa. Wewe umependekezwa uwe shahidi. Wa kuamua ni mwendesha mashtaka."

"Lakini kadi niliificha mimi."

"Uliificha. Imeandikwa, sikuifuta. Ila muuguzi wa kliniki anasema angepewa hata bila kadi, mradi alete barua ya polisi."

"Na barua nani alimnyima?"

"Mimi."

Binti aligeuka. Alimtazama Inspekta usoni, kisha nyota za begani, kisha usoni tena. Kaunta, askari wa zamu alimwita mtu aliyefuata.

"Alikuwaje siku hiyo?" aliuliza mwishowe. "Mimi nilikuwa nimenuna, sikumsindikiza."

"Alikuwa amevaa kanga mbili, ingawa kulikuwa na joto. Alisema shikamoo, mimi nikiwa mdogo kwake. Aliomba maji."

"Ukampa?"

"Nilimpa."

"Glasi ngapi?"

Jibu lilikuwa kwenye taarifa ya tano, mstari wa tisa.

"Tatu," alisema Inspekta. "Ya mwisho nilimwambia anywe haraka, kuna watu nyuma yake."